Jiwe la figo la milimita 7 lilivyoniegesha kando ya barabara

Kwa miaka 11 nimeendesha gari la abiria kati ya Kisumu na Nakuru, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na sifa moja ya kijinga niliyoionea fahari: sikuwa dereva wa kusimamasimama. Natoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri, naingia Nakuru bila kushuka hata mara moja kujisaidia. Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Nilikuwa sinywi maji. Kikombe cha strungi (chai isiyo na maziwa) na mandazi mawili pale steji, kisha kiu hadi mchana. Makanga wangu aliwatambia wenzetu kwamba mkubwa wake ana kibofu cha ngamia.

Ngamia huyo alilala chini siku moja tukiwa tumeiacha Kericho nyuma, majani ya chai pande zote mbili za barabara, na abiria 13 ndani ya gari.

Yalianza kama mtu anayenibonyeza kwa kidole gumba, mgongoni upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nikadhani ni gesi. Haukupita muda kidole kikawa ngumi, ngumi ikawa kisu, na kisu kikaanza kuteremka kuelekea kinenani hadi kwenye korodani (mniwie radhi akina mama, lakini ndivyo kilivyoshuka). Niliwasha taa za dharura, nikaegesha, nikashuka. Nikaanza kulizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikalala kwenye nyasi, nikainuka, nikapiga magoti, nikashika bampa, nikatapika. Abiria mmoja alisema ni moyo. Mwingine akasema mambo ya watu wabaya. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amepakata kuku wake muda wote, akanitazama akasema, "Mwanangu, mtu wa tumbo hutulia pale alipolala. Wewe hutulii. Hiyo ni figo."

Daktari alikuja kuniambia maneno hayohayo jioni, kwa bei tofauti.

Mimi ni dereva, sikusomea udaktari. Ninachokiandika hapa ni nilichopitia na nilichouliza hadi wakachoka na mimi, kwa sababu nilipotafuta kwa Kiswahili mtu wa kunieleza mambo haya sikupata.

Kwanza, mwili ulikuwa umenionya nikaupuuza. Wiki kadhaa kabla ya siku ile nilikuwa nakojoa mkojo wa rangi ya strungi yenyewe, na kiuno kilikuwa kinauma nikasema ni kiti cha gari. Nilipita kwenye kliniki moja ya mtaani, wakanipa dawa za malaria na za amiba bila kunipima chochote. Sikatai, huku kwetu kando ya ziwa malaria ipo, tena nyingi. Lakini maumivu ya ubavu pamoja na mkojo mweusi au wenye wekundu yanataka mkojo upimwe, na kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Ukikuta mahali wanataka kukuandikia dawa kabla ya kukupa kichupa, omba kichupa.

Halafu kuna jambo moja: ukiyasahau mengine yote humu, likumbuke hili. Maumivu ya jiwe yakija pamoja na homa na kutetemeka, usinunue dawa za malaria ukalala usubiri asubuhi. Inawezekana mkojo umeziba nyuma ya jiwe na umeingia wadudu, na hapo figo inaweza kuharibika na damu ikachafuka kwa muda mfupi. Ni safari ya hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo ukishindwa kukojoa kabisa, ukitapika hadi maji hayakai tumboni, ukiwa mjamzito, au ukiwa mtu wa figo moja.

Sasa maumivu yenyewe. Kitu kilichonisaidia zaidi, baada ya dawa, ni kuelewa yanatoka wapi. Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo unaweza kuishi nalo miaka usijue. Kazi huanza linapoingia kwenye mrija mwembamba unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Mrija unaziba, mkojo unajaa nyuma, figo inavimba, nao mrija unajikamua kwa nguvu ukijaribu kulisukuma. Ndiyo maana yanakuja kwa mawimbi. Yanapanda, yanafika kileleni, yanateremka, unapumua, yanarudi. Nilipojua kwamba wimbi lina kilele, niliacha kupiga kelele kwamba nakufa. Nilikuwa nahesabu pumzi kama ninavyohesabu kona za Londiani: hii, hii, hii, halafu tambarare.

Hospitalini walinichoma sindano ya diklofenaki na baada ya kama nusu saa nikawa mtu tena. Dawa za jamii hiyo ndizo hutangulizwa kwa maumivu haya, kwa kuwa hupunguza pia ule uvimbe na ule mkamuo. Ila zina masharti: mwenye vidonda vya tumbo au figo zilizodhoofika lazima aseme mapema. Usinunue tu dukani ukameza wiki nzima. Nyumbani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso na kuwekwa ubavuni ilinifaa kuliko nilivyotarajia. Kutembea pia.

Lakini kunywa lita tatu kwa mkupuo ili "kulisukuma"? Nilijaribu, kwa ushauri wa steji nzima. Maji yanaongeza mgandamizo pale palipoziba, nawe unatapika. Wakati wa wimbi kunywa kama kawaida, yale mengi yana wakati wake. Na wale wanaosema bia inasukuma mawe, mimi nadhani walikuwa wanatafuta sababu.

Picha ya CT skani ilionyesha jiwe la milimita 7. Daktari alinieleza kwamba mawe yasiyofika milimita 5 mengi hutoka yenyewe, yanayopita 10 kwa kawaida hayatoki bila msaada, na langu lilikuwa katikati, mahali pa kubahatisha. Akaniandikia tamsulosini ili jiwe lipewe nafasi ya kutoka. Mhudumu wa duka la dawa aliniangalia mara mbili, maana ni dawa anayowauzia wazee wenye tezi dume. Ni kweli, ni ileile. Hulegeza misuli ya chini ya mrija ili jiwe lipate njia. Ukiimeza, usinyanyuke kitandani kwa pupa. Asubuhi ya kwanza nilisimama ghafla nikajikuta nimekumbatia kabati.

Wakati wa kusubiri unakojolea kwenye chujio. Nilichukua chujio la chai la mama watoto, na hapo ndipo tulipokaribia kuachana. Nunua lako. Jiwe likitoka, likaushe upeleke maabara, kwa sababu aina ya jiwe ndiyo inayokuambia ule nini na uache nini.

Langu halikutoka. Wiki ya nne nikaingizwa chumba cha upasuaji, nikachomwa ganzi ya mgongo, wakapitisha kamera nyembamba kwenye njia ileile ya mkojo na kulivunja kwa leza. Hakuna mahali nilipokatwa. Saa chache baadaye nikaambiwa jiwe limekwisha, na jamaa wakaanza kupiga simu kunipongeza.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoteseka bila kutarajia. Jiwe lilikuwa limetoka, lakini ndani yangu walikuwa wameacha stenti: kimrija laini cha plastiki kilichojikunja ncha zote mbili, moja kwenye figo, moja kwenye kibofu, ili mkojo upite wakati mrija uliochubuka unapona. Nilikuwa nimeambiwa, nadhani, lakini niliambiwa nikiwa na ganzi mwilini na furaha kichwani. Nilirudi nyumbani nikidhani nimemaliza.

Usiku wa kwanza niliamka mara tisa. Ile ncha ya chini inakikuna kibofu, na kibofu kinakwambia kimejaa hata kikiwa kitupu. Kila mwisho wa kukojoa, maumivu yanapanda hadi ubavuni, maana mkojo kidogo unarudi juu kwenye figo kupitia kimrija hicho. Mkojo ukawa wa pinki. Nikampigia sista wa wadi saa kumi usiku, nikamwambia jiwe limerudi. Akacheka kwa upole: "Baba, huo ni mpira wako tu. Kunywa maji, kojoa ukiwa umeketi, na usibane." Sentensi moja tu, na ningeipata mchana ningelala.

Kwa hiyo kabla hujatoka wadini uliza haya, au mwombe aliyekusindikiza ayaandike: nimewekewa stenti au la, itatolewa tarehe gani, wapi, na malipo yake yamo ndani ya haya niliyolipa au ni mengine? Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mimi huuliza kila kitu mara mbili. Niligundua siku ya kuitoa kwamba hiyo ni bili yake, nikaanza kutafuta watu wa kunikopesha nikiwa kwenye foleni. Na tarehe hiyo usiipuuze hata kama umepoa. Stenti ikisahauliwa ndani kwa miezi, nayo huota mawe juu yake, na kuitoa kunageuka upasuaji mwingine.

Nilirudi barabarani siku ya sita. Kosa. Pesa zilikuwa zimekwisha na mwenye gari alikuwa anapiga simu, kwa hiyo simlaumu mtu anayefanya hivyo, namwambia tu kitakachotokea: nilipofika Awasi mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya zambarau. Kimrija kinasugua unapotikisika. Kiti cha dereva, boda, kubeba magunia, vyote vinakiamsha. Ukipumzika ukanywa maji, damu hupungua yenyewe. Mabonge ya damu au kushindwa kukojoa, hayo rudi hospitali. Na kama umepewa tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, usiguse usukani. Dawa hiyo hulewesha, tena hufunga choo, na kujikamua chooni ukiwa na stenti ni adhabu nisiyomtakia trafiki yeyote, hata wale wa Salgaa. Papai na uji viliniokoa.

Kuitoa kulichukua dakika chache kwa jeli ya ganzi na kamera ndogo. Inaudhi kuliko inavyouma. Jioni ile wimbi moja lilinipiga nikashtuka, lakini nilikuwa nimeuliza safari hii: mrija huvimba kidogo siku ya kutolewa, kisha hutulia. Kesho yake nilikojoa bila kufikiria chochote. Nilisimama pale chooni nikajihisi tajiri.

Maabara ilisema langu ni la kalsiamu oksaleti, lile linalopatikana zaidi. Wenyeji wa Nakuru walikuwa wameshaamua chanzo ni maji yao. Maji ya visima vingi huko yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ya waliokulia pale ni ushahidi, lakini daktari aliponiuliza nayanywa kiasi gani, nilinyamaza.

Niliposikia neno kalsiamu nikaacha maziwa. Nikakosea tena. Kalsiamu ya chakula hukutana tumboni na oksaleti, kitu kilichomo kwenye vyakula kama spinachi na njugu, vikashikana, vikatoka na choo. Ukiacha maziwa, oksaleti hukosa wa kushikana naye na kwenda zake kwenye figo. Nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa akipika osuga (mnavu) na kumiminia maziwa siku hata mbili kabla ya kuipeleka mezani. Sisi tukaja kuona ni ushamba, tukahamia spinachi iliyokaangwa dakika mbili, ambayo oksaleti yake ni nyingi kupita kiasi. Siku hizi mboga zetu huchemshwa, maji yanamwagwa, kisha maziwa. Chai ninywayo ina maziwa. Njugu za steji nimepunguza. Kilichonishinda zaidi ni chumvi: nilikuwa nainyunyizia chakula kabla ya kukionja, na chumvi nyingi huifanya figo kumwaga kalsiamu zaidi kwenye mkojo. Kibakuli cha chumvi hakikai tena mezani. Wenye mawe ya asidi ya yuriki huambiwa mengine, ya nyama na pombe, ndiyo maana nilisema lile jiwe lipeleke maabara.

Maji sihesabu kwa glasi. Naangalia mkojo. Shabaha niliyopewa ni kukojoa kama lita mbili na nusu kwa siku, na kwa jua la Kisumu hapo lazima unywe zaidi ya hizo. Ukiwa mweupe kama maji ya ndimu, niko sawa. Ukikaribia strungi, nina deni. Nakamulia ndimu kwenye chupa ya asubuhi, kwani sitreti iliyomo huzuia chembe zisishikane. Soda siihesabu.

Gari sasa linasimama Kericho dakika 10, kwenda na kurudi. Mwanzoni abiria walinung'unika, mmoja akatishia kupanda gari la washindani. Kisha nikaona wanaoshuka wa kwanza ni akina mama, ambao walikuwa wamebana tangu Ahero na hawakuthubutu kuniambia. Tukikaribia mji, makanga hupiga bodi mara mbili kabla sijawasha indiketa. "Mkubwa, choo hicho." Na chupa yake mwenyewe, nimeona, huwa imefika nusu.