Jeni Kuwapo na Jeni Kufanya Kazi: Ushauri kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Selimundu

Wazazi wenzangu tunaokutana nao kliniki huniuliza mara kwa mara imekuwaje mtoto akapata selimundu wakati katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huo. Swali la pili hufuata papo hapo: kama kweli alizaliwa nao, mbona miezi ile ya mwanzo alikuwa mzima kabisa, akinyonya na kunenepa kama watoto wengine? Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, na pia ni mama wa mtoto mwenye selimundu, kwa hiyo maswali haya nimekutana nayo darasani na nyumbani. La kwanza linajibiwa na urithi wa jeni, jambo ambalo shule hulifundisha vizuri. La pili linajibiwa na namna jeni inavyofanya kazi baada ya kurithiwa, na hili hupitwa haraka mno, ingawa kwa niliyoyaona ndilo linalomsaidia zaidi mzazi katika malezi ya kila siku.

Nianze na urithi. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, nusu zikiwa zimetoka kwa baba na nusu kwa mama. Ndani ya kromosomu kuna DNA, na vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza protini ndivyo tunavyoviita jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. Jeni inayotuhusu hapa imo katika kromosomu namba 11, na maelekezo yake ni ya kutengeneza mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Mnyororo huo una asidi amino 146, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa protini. Kwa mwenye jeni ya selimundu, iitwayo S (ile ya kawaida huitwa A), herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita, ambayo ingekuwa glutamiki, inakuwa valini. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti, na mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram akabainisha kwamba tofauti yote ni asidi amino hiyo moja. Valini hiyo huifanya hemoglobini ya S, ikishatoa oksijeni yake, inatane na nyingine na kujipanga kuwa nyuzi ndefu na ngumu, ambazo huikunja chembe ya damu ikapata umbo la mundu.

Mtoto huugua akirithi S kwa baba na S kwa mama, yaani akiwa SS. Wazazi wake kwa kawaida ni AS, yaani wana A moja na S moja, wazima wa afya, na huenda bibi na babu zake walikuwa AS vilevile. Ndiyo maana jeni inaweza kupita vizazi kadhaa bila mtu yeyote kujua. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto SS ni asilimia 25, AS asilimia 50, na AA asilimia 25. Hesabu hii huanza upya kila mimba, na mtoto wa kwanza akiwa SS hiyo si dhamana kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Nasisitiza jambo lingine kwa sababu limevunja ndoa nyingi: hakuna mtoto wa SS aliyeupata ugonjwa kwa mama peke yake. Mume anayemrudisha mkewe kwao kwa ajili ya selimundu anamwadhibu mwenzake kwa jeni ambayo yeye mwenyewe ametoa nusu yake.

Tulipopima, mtaalamu wa maabara alituonyesha karatasi ya kipimo cha elektroforesisi, kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, kila mmoja wetu akiwa na safu yake. Katika safu yangu na ya mume wangu palikuwa na mistari miwili, wa A umetangulia na wa S umebaki nyuma, ule wa S ukiwa mwembamba kidogo. Katika safu ya mtoto mstari wa A haukuwapo kabisa. Palikuwa na mstari mnene wa S, na mbele yake kidogo, kabla ya kufika mahali pa A, palikuwa na mwingine uliofifia, ambao mtaalamu alisema ni wa hemoglobini F. Karatasi ile ilinifundisha zaidi ya vitabu vyangu. Darasani huwa tunasema jeni ya S kwa mwenye AS ni fiche, mwanafunzi akaondoka akidhani imelala, kumbe inafanya kazi kila siku: chini kidogo ya nusu ya hemoglobini yangu ni S, na ninalindwa na A iliyo nyingi zaidi ndani ya chembe zilezile.

Ule mstari uliofifia ndio uliobeba jibu la swali la pili, na ili kuuelewa inabidi kujua jeni inavyofanya kazi. Seli ni kama ofisi yenye masjala ambayo majalada yake halisi hayaruhusiwi kutoka nje: anayehitaji maelekezo hupewa nakala, akaenda nayo kazini. DNA hubaki ndani ya kiini cha seli. Kipande kinachohitajika hunakiliwa kuwa RNA, na RNA hiyo hutoka hadi kwenye ribosomu, karakana ndogo za seli, ambako hemoglobini au protini nyingine huundwa kwa kufuata nakala hiyo. Seli ya ngozi, ya ini na ya jicho zote zina majalada yaleyale, lakini kila moja hufungua yale inayoyahitaji na mengine huyafunga. Mwanangu ana jeni ya S katika seli za kucha zake, na humo haimdhuru hata kidogo kwa sababu haisomwi. Husomwa katika uloto wa mifupa, ndani ya seli changa zinazojiandaa kuwa chembe nyekundu za damu, na ni humo tu inapoleta madhara.

Jeni pia hufunguliwa na kufungwa kwa wakati wake. Mtoto akiwa tumboni, jeni ya beta huwa karibu kimya, na badala yake hufanya kazi majirani zake katika kromosomu hiyohiyo ya 11, jeni za gama, zinazotengeneza hemoglobini F. Anapozaliwa, sehemu kubwa ya hemoglobini yake bado ni F, kisha polepole gama hufungwa na beta hufunguliwa. Hemoglobini F haimo katika nyuzi zile ngumu, tena huzizuia zisijengeke. Daktari wa watoto Janet Watson wa New York aliligundua hili mwaka 1948, alipoona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawasumbuki mpaka hemoglobini yao ya utotoni ipungue.

Kwetu dalili ya kwanza ilikuja mwanangu alipoanza kukaa mwenyewe. Alikuwa amevishwa ushanga mkononi, ule wa kawaida wa watoto, uliokuwa ukizunguka bila kubana. Jioni moja nikaukuta umebana na kuacha alama, na kiganja chote kimevimba, vidole vimejaa na vina joto, naye akilia kila nilipomgusa. Wengine hudhani mtoto ameanguka, ameumwa na mdudu, au amefanyiwa jambo na mtu. Mtoto wa umri huo akivimba viganja au nyayo, hasa pande zote mbili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na uulize waziwazi kuhusu selimundu.

Hapa kuna ushauri wa kipimo, nao unatokana moja kwa moja na niliyoyaeleza. Kipimo kile cha haraka, ambacho damu huwekewa dawa ya kuondoa oksijeni ili kuona kama chembe zitajikunja, hakiwezi kutofautisha AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hakuna kitu kwa sababu F bado imejaa. Ukiambiwa mtoto wa miezi miwili ni salama kwa kipimo hicho, usiridhike. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, kama elektroforesisi au mashine za kisasa zaidi, ambacho kinaweza kuiona S hata ikiwa kidogo. Kama mtoto ameongezewa damu, jibu la kipimo linaweza kuchanganya damu yake na ya mchangiaji. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi, kwa hiyo madaktari hupendelea kusubiri karibu miezi mitatu. Tena usichanganye jambo hili na grupu la damu. Nimewasikia vijana wanaojiandaa kuoana wakisema wameshapima, mmoja ni A na mwingine ni O, na wakaamini wamemaliza. Grupu la damu ni jeni nyingine, iko katika kromosomu ya 9, na haisemi lolote kuhusu selimundu.

Kuhusu malaria lazima niseme kwa uzito, kwa kuwa nusu ya ukweli hapa inaua. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria, na hiyo ndiyo sababu jeni hii imeenea sana katika maeneo yaliyokuwa na malaria nyingi tangu kale, kama pwani yetu na kando ya Ziwa Victoria. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria damu hupungua kwa kasi ya kutisha, na anaweza kufariki kabla hamjapata usafiri. Kwa hiyo chandarua kila usiku, dawa ya kinga kama kliniki yenu inavyoelekeza, na homa yoyote ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Penisilini ya kila siku hadi umri wa miaka mitano ina sababu yake pia: bandama, ambayo ingepambana na bakteria, huharibika mapema kwa watoto hawa.

Mengine mzazi huyafahamu haraka. Maji mengi, kwa sababu chembe ikikaukiwa S husongamana na kunatana upesi. Nguo nzito wakati wa baridi. Kutokuogelea maji ya baridi. Jeni haibadiliki kwa mambo haya, ila mazingira inamofanyia kazi hubadilika, na tofauti huonekana katika idadi ya siku ambazo mtoto anakwenda shule.

Dawa ambayo ningependa kila mzazi aielewe ni haidroksiyurea. Wazazi wengi huiacha kwa sababu wanaipima kama panadoli: mtoto amekunywa leo, kesho ameumwa, basi haifai. Haidroksiyurea haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kazi yake kubwa ni kuufanya uloto urudie kutumia zile jeni za gama, ili F iongezeke ndani ya chembe mpya, na chembe mpya zinahitaji wiki na miezi kuchukua nafasi ya zile za zamani. Palikuwa na hofu kwamba huku kwetu ingeongeza malaria, lakini utafiti wa REACH, uliofanywa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Angola na Kongo na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume chake: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo pia. Dozi hutegemea uzito, kwa hiyo mtoto akikua dozi hubadilishwa, na ni lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe kupita kiasi. Usimgawie mtoto mwingine dawa ya mwanao, hata wa ndugu yako. Katika ripoti ya maabara uliza asilimia ya hemoglobini F na uiandike kwenye daftari. Mimi huifuatilia kuliko namba nyingine zote, kwa kuwa ndiyo inayoniambia kama majalada yale ya zamani yamefunguliwa tena.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyofuatwa na tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wataalamu hawarekebishi jeni ya S yenyewe. Wanadhoofisha katika seli za uloto jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo huzifunga gama, nazo gama zikaanza tena kazi. Gharama yake nchini Marekani inazidi dola milioni 2, na sioni sababu ya mzazi wa huku kuuza shamba akiifukuzia leo.

Kilicho karibu zaidi nasi ni kupandikizwa uloto, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwafanyia watoto wenye selimundu. Mchangiaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye uwezekano wake wa kulingana na mgonjwa ni asilimia 25, na ndugu mwenye AS anaweza kuchangia. Hii ni sababu nyingine ya kuwapima watoto wote wa nyumbani na kuandika majibu yao kwenye kadi zao za kliniki. Mtoto aliyepandikizwa hutengeneza damu kwa jeni za ndugu yake, lakini seli nyingine za mwili, zikiwamo za uzazi, hubaki na SS alizozaliwa nazo. Atakapofika umri wa kuoa au kuolewa, akiwa mzima na mwenye nguvu, atawapa watoto wake wote jeni moja ya S, na mwenzake atahitaji kupimwa kama wengine wote.