Reserpini kwenye mtego wa ioni: kwa nini 195 yako ni ndogo

Mkuu, umeuliza kwa nini reserpini (dawa ambayo ioni yake ina m/z, yaani tungamo kwa chaji, ya 609) kwenye mtego wa ioni (spektromita ya tungamo inayoshikilia ioni ndani yake) inakupa vipande vya 397 na 448 vikiwa juu kabisa, huku 195, ambayo wenzako wa kwadrupoli tatu (spektromita inayopitisha ioni bila kuzishikilia) wanaitegemea kwenye vipimo, ikionekana kwa shida. Waliokujibu wanasema imekatwa na mpaka wa chini wa tungamo, ambao chini yake mtego haushiki ioni. Sivyo, na unaweza kuhakiki mwenyewe. Uthabiti wa ioni kwenye mtego wa Paul (aina hii ya mtego) unakomea q 0.908; q ni kipimo cha jinsi mtego unavyoishika ioni, na ioni nyepesi huwa na q kubwa zaidi. Ukiivunja ioni kwenye q 0.25, mpangilio wa kawaida, unapoteza vipande vilivyo chini ya 0.25/0.908 ya m/z ya ioni mama (ile unayoivunja), yaani 0.275. Mara 609 ni 168. Kwa hiyo 195 ina nafasi ya kukaa. Tatizo ni kwamba haizaliwi kwa wingi.

Nimefanya kazi na mashine zote mbili kwenye maabara moja, sampuli ileile, na tofauti yote naiona kwenye jinsi nishati inavyoingia. Kwadrupoli tatu hurusha ioni ndani ya agoni au naitrojeni kwa makumi ya elektroni-volti. Nishati inayoweza kugeuka joto la ndani katika mgongano mmoja hutegemea uzito wa gesi: kwa agoni ni 40/649, kama asilimia 6. Kwa heli ya kwenye mtego ni 4/613, haifiki hata asilimia 1. Mgongano mmoja wa heli hauvunji kitu. Ioni hugongwa tena na tena kwa milisekunde 30 hivi, inapanda joto kidogo kidogo, na ikifikia njia nyepesi kuliko zote inavunjikia hapo hapo. Njia inayodai nishati kubwa haipati zamu. Ndiyo maana kifungo kilekile cha esta kinaachia asidi ya trimethoksibenzoiki (609 kutoa 212 ni 397) badala ya kukupa 195, ambayo ni upande wa pili wa kifungo hicho.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita haraka mno. Volti ya msisimko, ile inayoitikisa ioni ili igongane na heli, imelengwa kwenye frikwensi ya 609 tu. Ikishazaliwa 397, frikwensi yake ni nyingine, haisukumwi tena, na heli ileile inaipoza. Kwenye kwadrupoli tatu ingeendelea kugongwa mpaka ipasuke.

Sasa tafadhali usipandishe q kama ulivyoshauriwa. Ni kweli kisima cha umeme kinachoishika ioni kinakuwa kirefu zaidi na unaweza kusukuma kwa nguvu, lakini q 0.35 inapeleka mpaka hadi 235, na hapo ndipo 195 inapotea kabisa. Ukiongeza volti ya msisimko, angalia jumla ya ioni zote: 609 ikishuka na vipande visipande, ioni zinatupwa nje ya mtego, hazivunjiki.

Mimi ningepimia 397 na 448, basi. Ukihitaji uthibitisho zaidi, itenge 397 uivunje tena kwa MS3 (hatua ya pili ya kuvunja) utafute 365, pale inapopoteza methanoli. Mtego unakuonyesha kipande kipi kimetoka kwa kipi, hatua kwa hatua, na hilo kwadrupoli tatu haikupi kirahisi. Weka hapa spektra ya MS3 ukiipata, pamoja na q na muda wa msisimko uliotumia.