Mwanangu, kabla hujalipia hiyo DNA

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana usiku. Unasema wametoa ofa ya kipimo cha DNA, unatema mate tu kwenye kichupa unawatumia, na unaniuliza mama nilipie au nisilipie, nataka kumjua baba yake babu alikuwa nani. Nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona nitaongea weee na wewe utasikiliza nusu ukiwa kwenye foleni huko Dar, bora nikuandikie utulie usome.

Ila mi naanza na mama yake babu. Najua hukuniuliza hilo. Lakini nishasema na nitasema tena, ukitafuta ukoo wa Scotland, kwao baba yako, unaanza na kifo, halafu unamfuata mama. Watu wote wanakimbilia kuzaliwa, wanaandika jina kwenye kompyuta wanaletewa watu kibao wenye jina hilohilo, maana hawa nao kama sisi wanarithishana majina, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe, binti wa kwanza la bibi mzaa mama, basi mtaa mmoja unakuta binamu wanne jina moja na umri wanakaribiana, utamjua wako yupi? Cheti cha kifo ndo kinakata mzizi wa fitina. Toka serikali yao ilipoanza kuandikisha watu mwaka 1855, cheti cha kifo cha Scotland kinamtaja baba wa marehemu na mama wa marehemu, na huyo mama anatajwa kwa jina la kwao alilozaliwa nalo. Majirani zao wa England vyeti vya zamani vya watu wazima havina habari ya wazazi kabisa. Hapa Scotland mwanamke hapotei. Hata makaburini, nenda pale makaburi ya Balgay hapa Dundee alipolala baba yako uangalie mawe ya zamani, mke kaandikwa jina la kwao chini ya jina la mume. Mi nimeolewa na baba yako miaka yote ile na jina langu la Tanga sikuliacha, watu wa hapa walikuwa wananishangaa, kumbe bibi zao walikuwa hivyohivyo.

Sasa yule bibi wa kwenye picha ya harusi ya babu yako, aliyekaa mwisho kabisa wa benchi na kofia nyeusi, unamkumbuka? Yule mliyekuwa mnaambiwa ni dada mkubwa wa babu. Baba yako alikuwa akimsimulia sana, kwamba alikuwa mfumaji kwenye viwanda vya juti, zile nyuzi za magunia, mtaa wa Lochee hapahapa Dundee, kiwanda cha Camperdown pale ambapo lile bomba refu la moshi bado limesimama, na kwamba alikuwa kiziwi kwa ajili ya kelele za mashine, anaongea na wenzie kwa midomo na vidole. Kila Ijumaa akipokea mshahara anamletea baba yako na shangazi yako peremende kwenye mfuko wa karatasi. Hakuolewa. Alikufa 1962.

Baba yako alipofariki nikawa silali, nafungua laptop, naingia ScotlandsPeople, ile tovuti ya serikali. Kutafuta majina ni bure, ukitaka kufungua picha ya karatasi yenyewe ndo unalipa, mi nililipa pauni 1.50. Vifo vinafunguka baada ya miaka 50, ndoa 75, kuzaliwa 100. Nikasema huyu bibi hana mume hana mtoto nani atamtafuta, ngoja nimtafute mimi. Nikalipa. Ikafunguka. Jina lake, mfumaji wa juti, mstaafu, hajaolewa. Baba yake, mama yake na jina la kwao mama. Ugonjwa, kifua. Halafu mstari wa mwisho, pale anaposaini aliyekwenda kuandikisha msiba na kusema yeye ni nani kwa marehemu. Saini ni ya babu yako, mwandiko uleule wa kwenye kadi zenu za bethdei, ile herufi ya kwanza kubwa ina mkia. Na pembeni yake imeandikwa mtoto wake wa kiume.

Mwanangu nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Mtu ameishi miaka 48 anamwita dada mbele ya watu, mbele ya mke wake, mbele ya watoto wake, halafu siku ya kumwandikisha amekufa anasimama mbele ya karani anasema mimi ni mwanawe. Kwa hiyo alijua! Siku zote alijua.

Baada ya hapo mengine yakafuata yenyewe. Nikafungua cheti cha kuzaliwa cha babu yako cha 1914, chini ya jina lake wameandika mtoto wa nje ya ndoa, wazi kabisa kwa wino, pa baba hapana kitu, na aliyekwenda kumwandikisha ni bibi yake, hajui kuandika, amepiga alama ya X na karani ameshuhudia. Pembeni ya karatasi hizo kuna nafasi, mama akienda mahakamani kwa hakimu na mwanamume akathibitishwa kuwa ndo baba, wanaandika hapo kwamba kuna marekebisho katika rejista nyingine, unaifuata unamkuta baba na kazi yake. Watu wengi sana wamempata babu yao hapo. Kwetu pembeni peupe. Hakumshtaki mtu. Nikaingia sensa ya 1921, unajua ilifunguliwa 2022 maana wanafunga miaka 100, nikamkuta babu yako wa miaka 7 kaandikwa mtoto wa kiume wa mwenye nyumba, yaani mkuu wa familia, na mama yake mzazi mstari wa juu yake, binti wa mwenye nyumba. Yaani hapo ndo uongo ulipoandikwa na serikali. Karatasi nazo husema uongo, ndo maana nakwambia usiridhike na moja, lakini ya kifo haikumwonea haya mtu.

Na ona sasa. Jina la ukoo mnalotembea nalo wewe na kaka yako, mlilonalo kwenye pasipoti, ni la huyo mfumaji. Mmelipata kwa mwanamke. Mfuate mama, mi nasema.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma. Mwaka 1983 nimekuja hapa bibi harusi, baridi sijaizoea, baba yako kanipeleka kwa wazazi wake kunywa chai. Shangazi yako yuko. Mezani keki, vikombe vya maua. Shangazi yako ananigeukia, anaongea polepole kama naumwa, ananiuliza kwenu huko mnaandikisha watoto? Kwa maana mtu anajuaje baba yake nani, na wanaume wenye wake wengi. Akasema wao ukoo wao wanaujua wote, hauna doa. Baba yako kawa mwekundu. Mi nikaweka kikombe nikamtajia baba yangu, na baba yake, na baba yake huyo, na huyo, mpaka nilipofundishwa na bibi yangu chini ya mwembe kule Pangani, nikaongeza na mama zao na walikotoka. Kimya. Babu yako alikuwa ameinamia sahani yake. Akainua uso akamwambia binti yake neno moja tu, inatosha, halafu akachukua birika akanimiminia chai yeye mwenyewe, mkono unatetemeka, nikadhani ni uzee. Na toka siku ile mpaka anakufa hakuniita kwa jina, aliniita binti yangu.

Leo najua mkono ule ulitetemeka kwa nini. Na ile keki bado naihisi kooni, sikudanganyi.

Haya, baba yake. Jina la kati la babu yako siyo jina la mtu, ni jina la ukoo, na siyo la mama wa mama yake, hilo nishaliangalia, wala siyo la wasimamizi wa ubatizo, kitabu cha kanisa Katoliki nacho kiko humohumo kwenye tovuti na wao wana majina mengine. Scotland binti akizaa bila ndoa mara nyingi alimpa mtoto jina la baba pale katikati, ilikuwa njia yake ya kusema bila kusema. Nikarudi sensa ya 1911. Nyumba ya vyumba viwili Lochee, watu wanane, na mpangaji mmoja kijana, kazi yake kiwanda hichohicho cha juti. Jina lake la ukoo ni lile la katikati la babu yako.

Unaona? Lakini ngoja. Jina hilo Dundee lipo tele. Inawezekana alipewa kwa heshima ya daktari, au ya jirani. Mpangaji kuwepo 1911 siyo kuwepo 1913. Najiambia hivyo halafu nafsi inaniambia we mama acha, ni huyo.

Kijana huyo alikwenda Vita vya Kwanza vya Dunia, Batalioni ya 4 ya Black Watch, jeshi la Waskoti, vijana wa Dundee watupu, wa viwandani na maofisini pamoja, na tarehe 25 Septemba 1915 walipelekwa Loos kule Ufaransa na zaidi ya nusu yao waliuawa au kujeruhiwa siku ileile. Jina lake liko ukutani Loos kati ya wale wasio na kaburi. Unajua ile taa ya juu ya kilima cha Law inayowashwa kila 25 Septemba? Inawashwa kwa ajili yao. Babu yako alikuwa anampandisha baba yako huko kuiangalia, na baba yako akawapandisha nyie, mkilalamika baridi. Baba yako alisema babu hakukosa mwaka hata mmoja. Mi nilidhani ni uzalendo.

Na wosia wake upo. Wosia wa askari wa Scotland umehifadhiwa, ni kijikaratasi ambacho askari walijaza wakibeba vitani. Wa kwake mistari miwili, kila nilichonacho kwa mama yangu. Basi. Mtoto ana mwaka mmoja Lochee, na yeye anaandika mama yangu. Nimemkasirikia sana kijana huyu, halafu nafikiria ana miaka 22, mama yake mjane, sajenti kamsimamia anamwambia andika hapa, pengine ndo maneno waliyoambiwa waandike wote. Au pengine hakuwa yeye kabisa, na namkasirikia maiti wa watu bure. Nina langu la kusema juu yake. Nalimeza.

Sasa DNA yako. DNA haikupi jina, inakupa watu walio hai mnaochangia damu, na mpaka wawe wamepima kampuni hiyohiyo. Wewe kwa yule baba ni kitukuu, umebakiza kama asilimia 12 yake. Shangazi yako ni mjukuu, anayo kama 25, mate yake yana thamani mara mbili ya yako. Na kaka yako ana kitu ambacho wewe na shangazi hamna, ile kromosomu ya kiume inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kukatika, kutoka kwa yule baba, kwa babu yako, kwa baba yako, mpaka kwake. Akipima hiyo, na ndugu wa kiume wa ukoo wa mpangaji akipatikana naye akapima, jibu litakuwa karibu sana na la uhakika. Kwa hiyo hela yako mpe kaka yako, kama atajibu simu.

Lakini ya shangazi ndo hayo. Umri umekwenda, anaishi peke yake Broughty Ferry, kila Jumamosi ananipigia kuniuliza kama nimekula, tumezika wote baba yako, tumeshikana mikono pale. Na bado hajui kwamba bibi wa peremende ni bibi yake mzaa baba. Nikisema nimwekee ile karatasi mezani kwenye vikombe vyake vya maua, kuna sehemu yangu ingefurahi, Mungu anisamehe, na ndo sehemu hiyo inayonizuia. Baba yake mwenyewe, babu yako, hakumwambia. Lakini babu huyohuyo ndo alisema kweli mbele ya karani, hakulazimishwa, angeweza kusema ndugu yake na asingeulizwa. Sasa alitaka ifichwe au alitaka siku moja mtu aione? Mi naona, haya, sikwambii naona nini. Wewe ni damu yake, mi ni mkwe. Amua wewe, ila usimwandikie kwenye simu, mambo haya siyo ya meseji.

Nakutumia picha za karatasi zote kwenye email, cheti cha kifo kiko cha kwanza, anza nacho hichohicho. Na ofa yao inaisha lini? Kama ni mwisho wa mwezi usilipe bado, Jumamosi wifi anakuja kula, nataka kwanza nimuulize kama anakumbuka lolote kuhusu jina la kati la baba yake. Hilo tu ndo nitamuuliza.

Mama yako