Wazazi Kijani, Makinda Manjano

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina jozi moja ya bajerigari, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia. Dume na jike wote ni kijani. Wametotoa makinda watano: watatu kijani, wawili manjano wenye macho mekundu. Jirani anadai jike alishapandwa na dume mwingine kabla sijamnunua. Ni kweli? Na hao wa manjano ni wa jinsia gani?

JIBU: Marahaba. Jirani amemwonea jike wako. Huyo dume wako, kijani hivyo hivyo, anatosha kuwaleta.

Unyoya wa kijani wa bajerigari hauna rangi ya kijani ndani yake. Una manjano, una muundo unaorudisha mwanga wa bluu, na nyuma ya muundo huo kuna melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, inayomeza mwanga uliosalia. Bluu ikichanganyika na manjano, sisi tunaona kijani. Melanini ikikosekana, bluu inapotea, manjano inabaki, na jicho linaonyesha wekundu wa damu. Huyo ndiye lutino. Hitilafu hiyo ikimpata ndege wa bluu, asiye na manjano, anatoka mweupe pee.

Jeni ya hitilafu hiyo, yaani chembe ya urithi, imo kwenye kromosomu Z, mojawapo ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia. Ndege ni kinyume chetu: dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W. Dume wako ana Z moja nzima na moja yenye hitilafu, na ile nzima inaifunika mwenzake. Jike hana pa kuificha. Akiirithi, utaiona tu. Sasa, kila mtoto wa kiume hapo amepata Z nzima ya mama. Kwa hiyo manjano wote wawili ni majike, bila kusubiri ngozi ya juu ya mdomo ibadilike. Hata siku ya kutotolewa ungewajua: jicho jekundu huonekana kupitia kope zilizofumba. Hao watatu wa kijani siwezi kukuambia.

Ukitaka dume wa manjano, mpe baba huyu jike wa manjano wa ukoo mwingine, si binti yake, tafadhali. Nusu ya madume, kwa wastani, watakuwa manjano. Kisha dume huyo wa manjano akipata jike wa kijani, mabinti wote watatoka manjano na madume wote kijani. Wazalishaji wa vifaranga vya kuku hutumia njia hiyo hiyo: jogoo wa rangi ya dhahabu kwa tetea wa rangi ya fedha, na majike hujulikana kwa manyoya yao siku ya kwanza.