Tai wa Marekani alikaa miaka 242 bila sheria

Swali lenu la wiki hii ni: "Taja swali la chemsha bongo ambalo jibu lake kila mtu analijua, ila ukilichunguza linayumba." Langu ni hili: ndege wa taifa wa Marekani ni yupi?

Tai mwenye kichwa cheupe, utajibu, na pointi utapewa. Lakini hadi Desemba 2024 hapakuwa na sheria hata moja iliyomtaja hivyo. Alichokuwa nacho ni nafasi kwenye Muhuri Mkuu, yaani nembo rasmi ya taifa, uliopitishwa tarehe 20 Juni 1782, baada ya kazi ya kamati tatu kutoridhisha na katibu wa Bunge, Charles Thomson, kuokota mawazo yao na kuyaunganisha. Mwenye noti ya dola moja aigeuze, atazame kulia: mguu mmoja wa tai umeshika tawi la mzeituni, wa pili mishale 13, idadi ya majimbo ya mwanzo. Kwa kuwa yuko kwenye noti na kwenye pasipoti, nani angemdai cheti? Waridi lilipata sheria ya kuwa ua la taifa 1986, nyati wa kule akapata yake ya kuwa mnyama wa taifa 2016, tai bado anangoja. Miaka 242, hadi wabunge wa Minnesota walipopeleka muswada na Rais Joe Biden akautia saini.

Swali pacha lake ndilo linaloniudhi zaidi: nani alitaka bata mzinga awe ndege wa taifa? Vitabu vya maswali husema Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Hapo mimi sitoi pointi. Mwaka 1776, Franklin alipokaa kwenye kamati ya kwanza ya muhuri pamoja na John Adams na Thomas Jefferson, hakutaja ndege yeyote. Alitaka achorwe Musa kando ya Bahari ya Shamu, Farao akizama. Bata mzinga anaingia Januari 1784, muhuri umeshapita zamani, katika barua aliyomwandikia binti yake Sarah akiwa Ufaransa. Maofisa waliopigana vita vya uhuru walikuwa wameunda chama na kujitengenezea nishani ya tai, na wapo waliosema tai wa nishani hiyo kafanana na bata mzinga. Afadhali afanane na bata mzinga, akaandika Franklin, maana tai hali kwa jasho lake: hukaa kwenye mti mkavu akimvizia ndege mvuvi, mwenzake akishanasa samaki, anampora. Bata mzinga ana majivuno kidogo, sawa, lakini hasiti kumvamia askari wa Kiingereza mwenye koti jekundu atakayethubutu kuingia uani kwake. Baba anamchekesha bintiye, basi. (Ila tuhuma ya uporaji si ya kusingiziwa. Hata furukombe wetu wa Naivasha na Ziwa Victoria, ndugu wa karibu wa tai huyo na mwenye kichwa cheupe vilevile, huwanyang'anya ndege wengine samaki.)

Kanada nako usijiamini. Ukiulizwa mchezo wa taifa ukajibu hoki ya barafuni, umepata nusu. Sheria ya 1994 inataja miwili: hoki kwa majira ya baridi, na lacrosse, mchezo ulioanzishwa na wenyeji asilia, kwa majira ya joto. Mtunga swali asipotaja majira, mshindani aliyejibu lacrosse akanyimwa pointi ana haki ya kukata rufaa, na mwamuzi nikiwa mimi, anashinda.