Ukipelekwa Upande Mwingine wa Nchi, Usikubali Kubaki Mgeni

Wiki hii mama mmoja ameniandikia. Binti yake wa sekondari amechaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi humuhumu nchini, naye anasita: "Si kama anakwenda ng'ambo. Atajifunza nini?"

Dada yangu, mruhusu. Swali hilo nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi na bado linaniuma. Anayekwenda nje husindikizwa kwa shangwe; mimi niliyepelekwa upande wa pili wa nchi niliulizwa nimekosa nini hata nikahamishwa. Kumbe ndiyo safari ngumu zaidi. Ng'ambo unakwenda umejiandaa kushangaa. Nchini mwako unajiona mwenyeji, bendera moja, mtihani mmoja, halafu unafungua mdomo darasani na watu wanaicheka lafudhi yako.

Mimi nilichekwa. Kisha waratibu wakanipandisha jukwaani nionyeshe ngoma ya kwetu. Nikacheza, wakapiga picha, wakashukuru. Hakuna aliyeniuliza kwetu tunaishije, tunaogopa nini, wao tunawaonaje. Kila walipokuja wageni wa heshima niliitwa tena. Mpaka leo nikiona mwanafunzi amevikwa mavazi ya asili mbele ya mgeni rasmi, roho inanisononeka.

Mama aliyenipokea nyumbani kwake ndiye aliyeniokoa. Jioni moja alinisogezea beseni la vyombo akasema, "Hapa kila mtoto ana zamu. Yako ni leo." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi tukiwa tunaosha, binti yake, ambaye tulikuwa tukisalimiana kwa adabu tu, akaniuliza kama ni kweli watu wa kwetu ni wachoyo. Nikamwambia kwetu husemwa wachoyo ni wao. Tukabishana mikono imejaa povu mpaka mama akaja kuona kuna nini. Tangu usiku ule tukawa ndugu.

Kwa hiyo mwambie binti yako aombe kazi. Asisubiri kupangiwa. Asipige simu nyumbani kila usiku. Aulize hata yale yanayoogopwa kuulizwa, ila kwa heshima. Na aombe kazi, narudia, kwa sababu anayehudumiwa kila siku haambiwi ukweli.

Nawe mzazi usisaini fomu kabla ya kuuliza mambo mawili. La kwanza ni muda. India, shule za Navodaya, ambazo ni za bweni za serikali zilizoanza katikati ya miaka ya 1980, hubadilishana takribani asilimia 30 ya wanafunzi wa darasa la 9 kati ya maeneo yanayozungumza Kihindi na yasiyozungumza, nao husoma huko mwaka mzima. Mwaka mzima hakuna awezaye kukuweka jukwaani tu. La pili, je, mwenzake naye atakuja? Kule Kanada, katika mabadilishano ya shirika la Experiences Canada kila kijana hupewa pacha wake, yaani mwenzake wa upande wa pili: wewe unalala kwao, naye anakuja kulala kwenu. Bila hilo, upande mmoja unatembelewa na mwingine unabaki na dhana zake zilezile, na watoto wanaumia bure.

Kama mpango huo hauna safari ya pili, mwandikie mratibu sasa. Mwambie nyumba yako iko wazi kwa mtoto wa hao watakaompokea wako, na udai jibu kwa maandishi.