Kabla hamjalipia mkongo wa gigabiti 100, pimeni kwanza

Mkuu usisaini hiyo oda! Umeuliza kuhusu mkongo, ile njia kuu ya mtandao ya kuunganisha vyuo, mkodi laini au mlaze faiba yenu, vyuo vichangie vipi, ila nimeona kwenye mchoro wako data ya watafiti inapita kwanza kwenye fayawoli ya chuo, yaani kizuizi cha usalama wa mtandao, ndo iingie mkongoni, nikasema huyu anaenda kulia kama sisi.

Sisi bajeti karibu yote ilimezwa na mkongo. Utepe ukakatwa, kwenye picha ya uzinduzi niko mbele natabasamu kama bwana harusi, halafu watu wa jenomu wakaendelea kubeba data kwenye diski za mkononi. Terabaiti 1 kwenye gigabiti 10 ikienda vizuri ni kama robo saa, yetu ilikuwa inalala njiani.

Shida ni kwamba fayawoli ya chuo, kama yetu na yako, imeundwa kwa vimkondo vidogo vidogo vingi, barua pepe na wavuti. Data ya sayansi ni mkondo mmoja mnene, bafa (sehemu data inaposubiri zamu) inajaa, paketi, yaani vipande vya data, zinadondoka, na TCP, kanuni inayoongoza mwendo wa data, ikiona paketi imepotea inapunguza mwendo, umbali ukiwa mrefu ndo inachelewa zaidi kupanda tena. Ndo maana ukijaribu ndani ya kampasi kila kitu safi. ESnet, mtandao wa watafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani, waliwahi kukuta kadi ya ruta inadondosha paketi 1 tu kati ya 22,000 na mwendo ukafa.

Sasa yule mshauri wa muuzaji! Kila tukilalamika dawa ni ile ile, ongezeni uwezo. Grafu yake mwenyewe inaonyesha mkongo mtupu na bado anatuuzia kadi kubwa zaidi, na tukanunua, cheka tu.

Pima diski hadi diski, toka mashine ya mtafiti hadi mashine ya mwenzake aliye mbali, kabla hela haijatoka. Weka perfSONAR, programu ya kupima mtandao, kila kituo. Seva za kuhamishia data zitoe pembeni ya mtandao wa ofisi, zilindwe na orodha za ruhusa kwenye ruta, ESnet wanaita Science DMZ. Na angalia dirisha la TCP, yaani data inayotumwa kabla ya kusubiri jibu kwamba imefika, likibaki kilobaiti 64 na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 100, unapata megabiti 5 hivi kwa sekunde hata ulaze faiba ya dhahabu.

Faiba ulizia kampuni za umeme, nyingi zinayo kwenye nguzo zao. Michango ya vyuo wengine watakujibu. Mmeshapima lakini? Weka namba hapa tuzione.